Wafanyabiashara Ngara na Biharamulo wajue lini wabadili nembo na lebo

Katika miji midogo ya barabarani kama Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, kuta za maduka ni historia tosha ya kampuni za simu nchini. Agosti 2008 Celtel iligeuka kuwa Zain, na vibanda vilivyokuwa na rangi nyekundu na njano vikapakwa upya. Novemba 2010, kabla rangi hiyo haijachujuka sawasawa, Zain nayo ikawa Airtel na mafundi wakarudi na ndoo zao. Novemba 2024 ikafika zamu ya Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas.

Kampuni hizo zina fedha za kubadili majina na kulipia rangi. Mwenye duka ndiye anayebaki na tatizo. Ukutani kwake jina la kampuni ya simu au ya soda limeandikwa kwa herufi kubwa zinazoonekana na dereva wa lori akiwa mbali, na jina lake mwenyewe limebanwa kwenye kona ya chini, mithili ya sahihi ya fundi. Siku kampuni inapobadili jina, duka linaonekana limepitwa na wakati ilhali mwenyewe hajagusa kitu. Alipewa rangi ya bure, na kwa rangi hiyo ya bure akatoa sura ya biashara yake.

Suala hili linastahili kuzungumzwa sasa kwa sababu wilaya za Ngara na Biharamulo zina biashara ndogo nyingi zinazojaribu kujitangaza: wasindikaji wa asali na alizeti, wenye mashine za kusaga na kufungasha unga, wakaangaji wa kahawa, nyumba za wageni, maduka ya pembejeo na vyama vya msingi vya ushirika. Wengi wana nembo, lebo, bango, kadi au fulana. Wachache sana wanajua lini vitu hivyo vinapaswa kubadilishwa. Matokeo yake ni makosa ya aina mbili. Wapo wanaobadili kila mwaka kwa kuwa wameona kitu kizuri Mwanza au Kigali, na wapo ambao lebo yao haijaguswa tangu walipoanza biashara, hata pale ambapo nusu ya maneno yaliyomo si ya kweli tena.

Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, na ndilo linaloweza kumfikisha mtu mbele ya mkaguzi.

Chukua mfano wa lebo za vyakula. Kuanzia mwaka 2003 mamlaka iliyosimamia usalama wa chakula nchini ilikuwa TFDA, na wasindikaji wengi waliandika jina hilo kwenye vifungashio vyao kwa fahari, maana lilikuwa limewagharimu muda na fedha. Kwa mabadiliko ya sheria yaliyoanza Julai 1, 2019, kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Pakiti ya unga au chupa ya asali inayoendelea kujinadi kwa jina la TFDA inamwambia mnunuzi kuwa bidhaa imekaguliwa na chombo ambacho hakipo. Mnunuzi wa kijijini huenda asijue. Mnunuzi wa duka kubwa la mjini anajua, na atauliza kama asali yenyewe nayo ni ya miaka hiyo.

Mfano mwingine ni anwani. Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na mwaka 2012 ikahamishiwa Mkoa mpya wa Geita. Msindikaji aliyeanza kazi Biharamulo kabla ya hapo anaweza kuwa leo yuko wilaya nyingine na mkoa mwingine bila kuhama hata hatua moja. Iwapo lebo yake bado inasema Biharamulo, Kagera, mteja anayemtafuta atapelekwa kusiko, na mkaguzi atakayelinganisha lebo hiyo na leseni ataona vitu viwili tofauti.

Namba za simu nazo zina yake. Katikati ya miaka ya 2000 namba za mkononi zilibadilishwa mwanzo wake: waliokuwa na 0741 wakawa 0713, wa 0744 wakawa 0754, na wa 0748 wakawa 0784. Mabango yaliyoandikwa namba za zamani yaliendelea kusimama miaka mingi, na kila aliyepiga aliambiwa namba haipatikani. Hakuna anayeweza kuhesabu ni oda ngapi zilipotea namna hiyo, kwa kuwa mteja aliyekosa simu harudi kutoa taarifa. Siku hizi kosa hilo limechukua sura nyingine. Namba iliyo kwenye bango ni ya kijana aliyekuwa akifanya kazi dukani, akaondoka na laini yake, na sasa anauza bidhaa kama hizo hizo hatua chache kutoka hapo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni rahisi na hakihitaji mtaalamu. Mwenye biashara achukue lebo, bango na kadi yake, asome neno kwa neno, kisha ajiulize kama kila kilichoandikwa ni kweli leo: jina, mahali, simu, uzito, viambato, aliyethibitisha ubora. Mahali ambapo jibu ni hapana pabadilishwe mara moja. Uzito usisahaulike. Wako wanaobadili chupa kwa kuwa ya zamani imeadimika, wakabandika lebo ile ile, na gramu zilizoandikwa zikawa si zile zilizomo. Kwa Wakala wa Vipimo hilo ni kosa, hata kama mwenye chupa hakukusudia kumpunja mtu.

Kipimo cha pili ni mteja. Biashara nyingi za Ngara zilianza zikimlenga jirani, mtu anayemjua muuzaji kwa jina la baba yake. Huyo hahitaji lebo, anahitaji kuonja. Lakini wilaya hii imepakana na Rwanda na Burundi, na mambo mengi yamebadilika mpakani. Nchi hizo mbili ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kilizinduliwa rasmi Aprili 2016, na Kabanga nako kuna kituo kama hicho kinachopakana na Kobero upande wa Burundi. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuvusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, bila mlolongo wa makaratasi ya wakubwa.

Mnunuzi wa Kigali au Ngozi hamjui baba wa mtu yeyote wa Rulenge. Kwake lebo ndiyo utambulisho pekee. Atatafuta alama ya ubora, tarehe ya kufungashwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na nchi ilikotoka bidhaa. Alama ya TBS ina maana kwake kwa kuwa nchi za jumuiya zimekubaliana kutambua alama za ubora za kila mmoja. Lugha pia ina uzito. Wahangaza na Warundi wanaelewana bila mkalimani, na Kiswahili kilifanywa moja ya lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, hivyo maelezo mafupi ya Kiswahili safi yanatosha kwa soko kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Inashangaza kuona asali ya Biharamulo imeandikwa Kiingereza kitupu, tena chenye makosa, huku anayeiuza na anayeinunua wakizungumza Kiswahili.

Anayelenga rafu za maduka makubwa atadaiwa pia msimbo wa mistari ili bidhaa ipite kwenye mashine ya malipo. Namba za Tanzania huanza na 620, na zimekuwa zikitolewa nchini tangu GS1 Tanzania ilipoanzishwa mwaka 2011. Kabla ya hapo wazalishaji walilazimika kuomba namba nchi nyingine, na bidhaa ya Mtanzania ikahesabiwa kwa namba ya wenzake. Ambaye bado ana lebo ya zama hizo ana sababu nzuri ya kuchapisha nyingine. Vilevile vifungashio: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Tanzania ikafuata Juni 1, 2019 kwa mifuko ya kubebea. Anayebadili mfuko abadili na maandishi yake papo hapo, alipe mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo lebo peke yake haliwezi, nalo linaihusu Ngara kuliko wilaya nyingine yoyote ya Kagera. Jina Ngara lilisikika duniani kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Aprili 1994, pale takriban watu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi wakikimbia Rwanda. Benaco, kituo cha barabarani, kikawa kambi yenye watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Wengi wa wakimbizi hao walirudi kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole ya Warundi nayo ilifungwa baadaye. Lakini hadi leo, nje ya Kagera, ukitaja Ngara baadhi ya watu wanakumbuka mahema ya bluu. Wapo wafanyabiashara wanaoona afadhali waandike Kagera tu kwenye lebo na kuliacha jina la wilaya.

Kabla ya kufanya hivyo watazame ng'ambo ya mto. Baada ya 1994 jina la Rwanda lilikuwa zito kuliko la Ngara mara mia. Huko Maraba, karibu na Butare, wakulima wa kahawa walianzisha ushirika wao wa Abahuzamugambi mwaka 1999. Hawakuanza na nembo. Walisaidiwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na vyuo vya Marekani, wakajenga kituo cha kuoshea kahawa mwaka 2001, wakajifunza kuchuma iliyoiva tu na kuonja kabla ya kuuza. Mwaka 2002 wakapata mnunuzi Marekani, na mwaka 2003 kahawa yao ikawa kwenye maduka makubwa ya Uingereza, na jina la Maraba limeandikwa waziwazi juu ya pakiti. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuandaa shindano la kahawa bora la Cup of Excellence. Jina lilelile lililokuwa likiwatisha watu ndilo lililowauzia, kwa kuwa kilichokuwa ndani ya pakiti kilikuwa kizuri.

Hapa ndipo wajasiriamali wengi wanapopotoka. Mauzo yakishuka, jambo la kwanza wanalofikiria ni lebo mpya. Unga una mchanga, mwenye mashine anachapisha mfuko wa rangi nne. Asali imechemshwa ikawa nyeusi, mrina anatafuta chupa yenye umbo la nyuki. Nyumba ya wageni haina maji, mwenye nyumba anasimamisha bango lenye taa. Sura mpya huleta mteja mara moja tu. Akikuta yale yale ataondoka, na safari hii ataondoka akiwa na jina jipya la kulisema vibaya. Afadhali bidhaa mbovu ibaki na lebo ya zamani hadi irekebishwe, ili lebo mpya itakapotoka ije na habari njema.

Kuna na wale wanaobadili kwa kuwa wamechoka. Mwenye biashara anaiona nembo yake kila siku asubuhi hadi jioni, hivyo ni wa kwanza kuichoka. Mteja anaiona mara mbili kwa mwezi, na ndiyo kwanza anaanza kuizoea. Mama anayemtuma mtoto dukani hamwambii jina la kampuni. Anamwambia alete ule wenye picha ya jogoo, au ile ya karatasi ya kijani. Siku jogoo akiondolewa ili kuweka maandishi ya kisasa, mtoto atarudi na bidhaa ya mtu mwingine. Ndiyo maana hata anayelazimika kubadili ni vema abakize kitu kimoja ambacho macho ya mteja yanakijua: rangi, picha, au umbo la herufi. Vingine vibadilike kukizunguka.

Wakubwa wenyewe wanalijua hilo. Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini ilipobinafsishwa mwaka 1996 haikutupa herufi zake. Iliendelea kuitwa CRDB ingawa si benki ya ushirika tena, kwa sababu wakulima walishazizoea herufi hizo. Na hapo Bukoba kuna Tanica, ambayo jina lake ni kifupi cha Kampuni ya Kahawa ya Papo kwa Papo ya Tanganyika. Nchi ilibadili jina mwaka 1964, lakini kopo la kahawa halikubadili, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Gharama nazo zinahitaji hesabu ya mkulima, si ya mpiga chapa. Anayefungasha chupa 200 za asali kwa msimu akishawishika kuchapisha lebo 5,000 kwa kuwa bei ya moja inashuka, amenunua lebo za misimu 25. Katika muda huo simu itabadilika, anwani itabadilika, na pengine hata sheria. Ni heri kuchapisha chache kwa bei ya juu kidogo, na yale yanayobadilika mara kwa mara, kama tarehe na namba ya toleo, yagongwe kwa muhuri. Lebo za zamani ambazo kasoro yake ni mwonekano tu zitumike hadi ziishe. Zile zenye taarifa za uongo zichomwe, hata kama zimebaki boksi zima. Inauma, lakini boksi hilo ni la bei ndogo kuliko mzigo uliozuiwa Rusumo.

Mabango yana mitego yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kufikia upana wa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo ni barabara kuu. Bango lililosimamishwa ndani ya eneo hilo bila kibali cha TANROADS linaweza kung'olewa wakati wowote, na halmashauri nayo ina ada yake. Anayetaka kubadili bango aanzie ofisini, ndipo aende kwa mchoraji.

Vilevile jina. Wengi hutangulia kuchapisha fulana na kalenda, halafu ndipo wanapokwenda Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) na kukuta jina limeshachukuliwa na mtu wa Arusha. Alama ya biashara iliyosajiliwa hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Miaka hiyo ya kuhuisha ni wakati mwafaka wa kukaa chini na kutazama kama nembo inafaa bado, kwa kuwa mtu analipia tena kwa vyovyote.

Vyama vya msingi havimo nje ya suala hili. Tangu msimu wa mwaka 2018 kahawa ya mkulima imeelekezwa kuuzwa kupitia vyama hivyo, na chombo kikuu cha kujitangaza walichonacho ni ubao wa bei kwenye kituo cha kununulia. Ubao wenye bei ya wiki iliyopita, au uliofutika hadi mkulima anauliza kwa mdomo, ndio unaompa nafasi mlanguzi wa butura anayepita usiku na bei yake kichwani. Chaki na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuandika kila asubuhi vinatosha. Hakuna haja ya nembo mpya hapo.

Aliyekwisha kubadili awatangazie watu. Siku ya gulio aweke lebo ya zamani na mpya pamoja mezani ili wateja waone ni mali ile ile. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kuwahudumia wakimbizi na wenyeji wao, inasikika hadi ng'ambo ya mpaka, na tangazo fupi lililorudiwa wiki moja linaweza kufanya kazi kuliko vipeperushi elfu vinavyoishia kufungia karanga.

Linalobaki ni upande wa Serikali. Mjasiriamali mdogo aliyepata barua ya utambulisho ya SIDO anaweza kuhudumiwa na TBS bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo, lakini wengi wa Murusagamba au Nyakahura hawajawahi kusikia habari hiyo, na ofisi za mkoa ziko Bukoba, safari inayokula siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zina maofisa biashara. Si kazi kubwa kwao kuwaita watu wa SIDO, TBS, BRELA na Wakala wa Vipimo waje pamoja Benaco au Nyakanazi siku ya gulio, kabla ya msimu wa asali, kila mjasiriamali afike na chupa au mfuko wake na kuambiwa palepale kipi kwenye lebo kibaki na kipi kifutwe.